Punje Moja ya Ulezi

Juzi mjukuu wangu alikuwa akichimba nyungunyungu wa chambo pale kwenye kifusi cha nyumba ya kale, karibu na kijito kinapoingia ziwani. Akarudi na bomba la udongo, urefu wake kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Mdomo mmoja umemeguka kidogo, kwingine kote ni zima. Akalipuliza, likalia kama bundi mwenye mafua. Halafu, badala ya kunionyesha kama watoto wengine, akaniuzia.

"Bibi, ndizi tatu."

"Moja."

"Mbili basi. Nimelichimba mwenyewe."

"Wewe ulikuwa unachimba nyungunyungu. Hili limejileta. Moja."

Tungefika mbali, lakini nililimwagia maji kutoa matope, na ile harufu ikapanda. Ninyi mliokulia penye vyungu mnaijua: udongo uliochomwa zamani, ukinyweshwa maji, hunuka kama mvua ya kwanza iliyoanguka ndani ya jiko. Nikakaa chini. Mtoto akadhani nimeugua, akashusha bei mwenyewe mpaka ndizi moja na nusu.  Nilikuwa nimeshalitambua bomba. Mikono iliyolifinyanga ilikuwa ya mama, na kosa lililolichelewesha lilikuwa langu.

Sisi tulikuwa watu wa chini ya mlima. Mlima kwetu hauachi mahali pa shamba, unashuka moja kwa moja mpaka unalowa miguu ziwani. Kwa hiyo wanawake wetu walilima udongo. Chungu kilikuwa na sheria moja, na sijapata kuona sheria ya bei iliyo fupi kuliko hiyo: chungu hununuliwa kwa ujazo wake. Unakitaka? Kijaze mpunga, umwage kwenye kikapu changu, uondoke nacho. Kikubwa kinajitaja kuwa kikubwa, kidogo kinajitaja kuwa kidogo. Kelele zilibaki kwenye kilele tu, kwamba mpunga uishie mdomoni au usimame juu kama paa la nyumba. Mama alikuwa mtu wa kilele.

Lakini vyungu husafiri kwa mtumbwi, maana kwenye ile njia ya miambani mwenye vyungu vinane kichwani hufika na vitatu. Na mwaka ule mtumbwi wetu ulipasuka kwenye mwamba. Nyuma ya nyumba vilikaa vyungu thelathini na kimoja. Nilivihesabu mara mbili. Cha mwisho kilikuwa na ufa, mama alikigeuzia ukutani ili kisitutazame. Mpunga uliokuwa ndani nao niliuhesabu kwa macho, na macho yangu hayakupenda jibu.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa mitumbwi upande wa mtoni, na alikuwa na mmoja uliokwisha kuchongwa. Alitaka chungu cha chumvi, kile chetu cha kupikia ubwabwa wa wageni, kijae mpaka kilele. Chumvi siku zile haikuwa mchezo. Kwetu tulilamba zaidi ya tulivyokula. Mama akamkumbusha kwamba walinyonya titi moja.

"Undugu hauangushi mti, dada," mjomba akasema. "Yupo mtu wa ng'ambo ya mto Songwe anautaka. Nitamzuia mpaka mwezi mwandamo. Baada ya hapo nitakuwa ndugu yako asiye na mtumbwi."

Ndipo akaja Fundi Salimu.

Alikuja mchana, kwa miguu, akiruka miamba kama mtu anayekanyaga makaa, kanzu ameikunja mpaka magotini. Alikuwa mtu wa pwani, aliyeletwa na Mdachi mmoja mzee aliyekuwa zamani fundi wa meli na sasa alijenga nyumba ya matofali pale kijitoni. Mdachi huyo alikuwa na mashine iliyotolewa kwenye boti iliyokufa, na gurudumu la mbao lililozungushwa na maji ya kijito. Sisi watoto tulikwenda kulitazama gurudumu lile mpaka tukalewa. Lilisaga nini? Hakuna aliyeona unga.

Mama hakujua Kiswahili. Mimi nilikijua, cha sokoni Mwaya, cha wake wa askari: nilijua kuhesabu, kukataa, na kutukana kwa adabu. Basi nikawa mkalimani, miaka tisa, meno ya mbele mawili hayapo.

"Mwambie mama," Fundi Salimu akasema, "namwomba mabomba ya udongo, sitini. Tunataka kuingiza umeme ndani ya nyumba. Waya za kwanza panya wamezitafuna. Mabomba ya chuma yanakuja na meli, lakini Bwana amechoka kungoja. Mama akiwahi kabla ya meli, kazi ni yake. Meli ikiwahi, kazi ni ya chuma."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kichwa changu kilipoingia chungu kisicho chake. Umeme niliujua mmoja tu. Ni ule unaopasua mlima wakati wa masika. Sikuwahi kusikia kwamba upo mwingine. Nikamgeukia mama, moyo unanidunda kwa furaha, nikamwambia kwa lugha yetu: yule mzee wa kizungu ameukamata umeme wa mvua kwa lile gurudumu, anataka kuuingiza nyumbani kwake, na sisi ndio tutakaoufanyia njia.

Mama akafuta mikono kwenye majani. Hakushangaa. Mfinyanzi akishaambiwa kitu kinachotakiwa kuingia, huuliza ukubwa.

"Mwulize: utapita wote, au kipande?"

"Fundi, mama anauliza umeme utapita wote au kipande."

Fundi Salimu akafikiri. "Wote," akasema. "Wa nyumba nzima."

Baada ya siku nne alirudi kuona mfano. Mama alikuwa ameweka kazi yake kwenye jani la mgomba: bomba pana kama paja la mtu mzima, ukuta wake mnene kama wa mtungi. Fundi akachungulia upande mmoja, mimi nikachungulia upande wa pili, tukaonana.

"Lahaula! Mkalimani, mama anataka kupitisha mbuzi?"

"Anasema umeme ulipasua mkuyu wa mtoni, na mkuyu ni mpana kuliko hili. Anasema amekupunguzia."

Fundi alikaa juu ya jiwe akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akatoa mfukoni vipande vinne vya waya, akavipanga kiganjani. Kila kimoja kilikuwa kimevaa nguo ya pamba iliyofumwa, imekibana vizuri. Wakati ule babu yangu alikuwa bado anavaa gome la mti.

"Umeme hupita ndani ya hizi," akasema. "Bomba ni nyumba ya waya, basi. Tazama." Akavikusanya vinne vikawa kifungu kimoja. "Bomba likiwa sawa na kifungu, waya haziingii, na zikiingia haziishi vizuri. Hubanana, hupata joto, nguo huungua, kama watu kumi kwenye kitanda kimoja. Likiwa pana mno, nitabomoa ukuta wa Bwana nilitie. Waya zichukue chini ya nusu. Nusu nyingine ni nafasi. Nafasi ni ya kuvuta, na ya kupumua."

Nililipenda neno hilo, nafasi. Nililirudia njiani kama wimbo.

Bei tulipatana haraka. Mama alisema ujazo, wa chumvi, maana Bwana alikuwa na magunia ya chumvi ya kutilia ngozi. Fundi akauliza kitu chenye matundu mawili kinajazwaje. Mama akajibu bila kumtazama, "Si ana mikono? Azibe chini." Fundi akakubali, tena kwa haraka iliyonitia shaka. Nikajua kwa nini alipotoa kijiti cha mti laini, kinene kama kidole, akamkabidhi mama: tundu jembamba hula chumvi kidogo.

"Tundu liwe sawa na hiki. Lisizidi hata unywele. Mwambie hivyo hivyo, hata unywele. Sitaki mbuzi."

Mama akakigeuza kijiti, akakipima kwa ukucha. Akasema, "Mwambie udongo hurudi. Ukikauka hurudi, unasinyaa, ukichomwa hurudi tena. Mwulize kama kijiti chake kimehesabu hayo."

Nilimtazama mama. Nilimjua. Sokoni alikuwa na maneno sabini ya kuongeza kilele, na hili, nilidhani, ni la sabini na moja: anataka tundu lipanuke ili chumvi iongezeke. Kwa kawaida ningempa sifa. Lakini fundi alikuwa ameshasimama, ameshakunja kanzu, na kutoka pajani mpaka kidoleni tulikuwa tumeshavutana vya kutosha. Nikaona mtumbwi ukielea kuelekea Songwe.

"Anasemaje?" fundi akauliza.

"Anasema sawa."

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Amesema sawa."

Sijawahi tena kuuza kitu kimoja kwa watu wawili kwa bei rahisi hivyo.

Mama alichonga mwanzi sawa na kijiti, akaupaka majivu, akauvika udongo, akaukunja, akauviringisha kwenye ubao, kisha akauchomoa taratibu kama mtu anayemtoa mtoto usingizini. Mdomo mmoja aliupanua kidogo ili mkia wa bomba jingine uingie. Yalikaa kivulini safu kwa safu, na mimi nikayalinda dhidi ya kuku kwa fimbo na matusi ya Mwaya. Tulipoyachoma yalitoka mekundu kama mashavu ya yule Mdachi. Sitini na mawili. Nikarudia. Sitini na mawili. Mama akaazima mtumbwi wa jirani, tukaenda.

Fundi Salimu akalichukua la kwanza, akasukuma waya nne. Ziliingia vizuri mpaka katikati, zikakwama. Akavuta, akasukuma, akatia mate, akataja majina ya Mungu ninayoyajua na nisiyoyajua. Nguo ya waya ikachanika. Akachukua la pili, na la tatu. Jasho lilimtoka puani.

"Mama, nimekukosea nini? Si nilikupa kijiti?"

Nikamfasiria mama. Mama akasema polepole, "Yeye alisema sawa. Nilimwambia udongo hurudi, akasema sawa."

Sikufasiri. Haikuwa lazima. Watu wawili waliokuwa wakitazamana kwa majuma mawili kupitia mdomo wangu, sasa waliutazama mdomo wenyewe.

Nikasema yote, kwa lugha zote mbili, huku nalia, na kwa sababu ya yale meno mawili nilikuwa natema mate kila penye herufi ya s. Kuna mengi ya s katika kuungama.

Mama hakunipiga. Ningependelea kipigo, kina mwisho. Alifungua pindo la nguo yake, akatoa ulezi kidogo. Akauweka ule mwanzi wa kufinyangia kando ya bomba lililochomwa, akaniambia, "Hesabu."

Nikapanga punje moja moja, zikigusana, kwenye upana wa mwanzi. Kumi. Nikapanga kwenye tundu la bomba, upande wa mkia usiopanuliwa. Tisa. Nikazimwaga, nikapanga upya. Tisa.

Punje moja ya ulezi. Hiyo ndiyo iliyosimama kati yetu na mtumbwi.

Fundi Salimu alikuwa amechuchumaa nyuma yangu, akihesabu na midomo. "Kumi hurudi tisa," akasema kama mtu anayejifunza sala. Halafu, kwa uungwana ambao sijausahau: "Nilisema lisizidi unywele. Nami ilinipasa kuuliza. Mwambie mama achague upana mwenyewe. Na yale ya kwenye kona, ambako waya hupinda, ayafanye mapana zaidi na mafupi. Zimebaki siku tisa, meli ije."

Mama akachagua punje kumi na mbili. Nilipomwuliza mbona si kumi na moja, zirudi kumi, alisema, "Moja ya waya, moja ya mtumbwi." Basi lile neno la sabini na moja lilikuwa lipo vilevile, ila lilikuwa limevaa ukweli.

Siku tisa zile sijui kama nililala. Nilikanda udongo kwa miguu mpaka vidole vikachubuka. Nilipepea mabomba kwa jani la mgomba, kana kwamba pumzi yangu ingeongeza jua. Kila asubuhi nilipanda mwamba kutazama kusini kama kuna moshi. Siku ya nane tulichoma, upepo ukatugeukia, mama akauzunguka moto na mkeka mkononi akiukinga upande huu na huu kama anayecheza ngoma, nami nikazikimbilia nyasi kavu huku nikipiga kelele za furaha na hofu bila kujua ni ipi. Manne yalipasuka. Yalibaki sitini kamili. Nilihesabu mara mbili, mama akahesabu mara ya tatu kwa sababu alikuwa amekwisha kunijua.

Tulikuwa katikati ya maji, mabomba yamelala kwenye majani kama samaki, nilipouona moshi.

"Meli!"

"Piga kasia, usiipigie makofi," mama akasema.

Tulifika nayo ikiwa bado ndogo kama siafu. Fundi alitungoja majini, kanzu imelowa. Akaunganisha mabomba sita mchangani, mdomo kwa mkia, akasukuma waya. Zikaingia. Zikafanya shhh, kama nyoka mwenye haraka kwenye nyasi, zikatokea upande wa pili, ncha nne, zinatikisika. Nikaruka. Fundi Salimu naye akaruka, mtu mzima na ndevu zake. Akasema, "Zinapumua!"

Bwana, aliyekuwa amesimama barazani na kiko, akaitazama meli, akayatazama mabomba, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kile chuma kilichoteremshwa jioni ile aliishia kukianikia nguo.

Ikaja chumvi. Chungu cha mjomba tulikuwa tumekileta. Fundi akashika bomba la kwanza wima, akaziba chini, akajaza, akamwaga. La pili. La tatu. Mimi nahesabu. Tulipofika thelathini nikachungulia chunguni. Nusu ya mabomba yameshapita, nusu ya chungu haijafika, na mama alikuwa amekadiria kilele. Nikatazama tena, si chunguni sasa. Mkononi.

"Fundi, toa gumba."

"Nini?"

"Umeziba kwa gumba. Gumba limeingia ndani mpaka kwenye kiungo. Ziba kwa kiganja."

"Chumvi itamwagika, mkalimani."

"Itamwagika kwetu. Toa gumba."

"Hee! Toto hili! Juzi lilikuwa linalia, leo linanifundisha kuziba tundu!"

"Wewe ulinifundisha nafasi," nikamwambia. "Gumba lako limekaa kwenye nafasi yetu. Mara thelathini."

 Aliapa kwamba hakukusudia, na hata leo nampa nusu ya shaka, kama waya. Kisha akaichukua chumvi yote akairudisha guniani, akaanza tena na bomba la kwanza, kwa kiganja. La sitini lilipomwagwa chumvi ilisimama juu ya mdomo wa chungu, nyeupe, yenye ncha, kama paa la nyumba. Mama aliishika ncha ile kwa kidole, akakilamba, akasema "Ndaga," neno la shukrani linaloeleweka pwani yote ya ziwa hili. Fundi akajibu "Ndaga, mama," kwa lafudhi ya kutisha.

Siku walipowasha taa tuliitwa. Jua lilikuwa linazama, lipu mpya bado ina unyevu. Watu walitazama kile kioo kilichoning'inia; mimi nilibandika sikio ukutani, pale nilipojua mabomba yetu yamelala, nikaziba sikio la pili, nikangoja radi. Nilikuwa nimejiandaa kukimbia. Nyuma yangu watu wakapiga ukelele. Nikageuka, chumba kizima kilikuwa cheupe.

"Bado!" nikapaza sauti. "Bado haujapita!"

Fundi Salimu alicheka mpaka akamshika Bwana bega, jambo ambalo halikuwa desturi.

Mama hakucheka. Alitazama ukuta uliomeza kazi yake yote, asionekane hata mdomo mmoja. Akatazama mwanga pembe hii na ile, darini na chini ya meza, kama anavyotazama mpunga kwenye chungu. Kisha akaniinamia.

"Ujazo wake ndio huu?"

"Ndio, mama."

"Basi chumvi tulilipwa kidogo."

Mtumbwi wa mjomba tuliuchukua siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Ulipakia vyungu thelathini, na kile chenye ufa mama alikitia pia, akakiuza Mwaya kwa mtu asiyehesabu mara mbili. Baadaye ikaja vita, Bwana akaondoka, matofali yakaenda kujenga nyumba za watu wengine, na waya, nadhani, panya walizipata mwishowe. Mama amelala mlimani. Mikono ile sijaiona kwa mtu mwingine, mpaka juzi nilipomwaga maji juu ya bomba.

Mjukuu wangu alikuwa bado amesimama, anangoja.

"Ndizi sikupi," nikamwambia. "Bomba hili lina bei yake, nayo ni ujazo. Lete sukari."

Akakimbia ndani kabla sijabadili nia. Nikalishika bomba wima, nikaziba chini, nikaanza kumimina, polepole. Hadithi hii sikuwa nimemsimulia, wala sikuwa nimemsimulia mtu yeyote. Mtoto akatazama sukari inavyopanda. Akainama akachungulia chini ya bomba, akainuka, akachungulia tena.

"Bibi," akasema, "toa gumba."